Nilivyoolewa Nikifunga Maji ya Mpunga

Mariamu ameuliza, Mama Zawadi ameuliza, na juzi hata yule mama anayeniuzia dagaa wa ndakala ameniuliza mbele ya wateja wake: ilikuwaje harusi ifanyike Uvira, pilau iliwe Uvira, na bi harusi asionekane? Nimechoka kusimulia kwa vipande. Naandika yote hapa, na mkishasoma msiniulize tena.

KILIBULA, KABLA YA KUONDOKA

Ninyi mnanijua, lakini karatasi hupita mikononi mwa watu, kwa hiyo nijitaje. Naitwa Zaituni. Nina miaka arobaini na mitatu, ni mjane, nauza vitenge. Shabani aliyeniposa naye ni mgane, fundi wa mashine za boti, mtu mpole mwenye vidole vyeusi kwa oili. Tulikubaliana tufunge ndoa siku ya Ijumaa, baada ya swala.

Kilichokosekana ni baba. Mwanamke wa dini yetu huozwa na walii wake, awe msichana awe mtu mzima kama mimi, na walii wangu ni baba yangu, Mzee Idi. Baba aliondoka Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, mama alipofariki. Alisema anakwenda kupumzika wiki mbili kwa rafiki yake kule milimani juu ya Luberizi. Huu ni mwaka wa saba. Alipewa kazi ya kulinda vani, yaani ule mlango wa chuma unaogawa maji ya mto, na hakurudi tena.

Kule aliko simu haishiki. Nilimtumia ujumbe mara mbili kwa mdomo wa watu. Jibu la kwanza lilikuja hivi: "Mzee amefurahi sana kwa habari ya mtoto, aitwe Hawa." Jibu la pili lilikuwa gunia la maharage, bila maneno. Nilimpigia kaka yangu Kigoma, akasema baba akiwa hai yeye hawezi kumruka.

Shabani alijitolea kwenda mwenyewe. Nilikataa. Zamani alitengeneza redio ya baba, na tangu siku ile redio ile inashika Bujumbura tu. Baba alijifunza Kirundi, lakini hakusamehe.

Nikapanga hivi: Jumatano niende, Alhamisi nirudi na baba, Ijumaa niolewe. Wageni wa Kigoma walikuwa wameshafika na walikuwa wanakula vizuri.

KUTOKA KAVIMVIRA, JUU YA MAKRETI

Gari dogo nililoahidiwa liliondoka bila mimi. Nikapata lori lililokuwa linapeleka makreti matupu ya bia Bukavu. Kwa hiyo safari ya kutafuta idhini ya ndoa ya Kiislamu niliianza nikiwa nimekalia chupa za bia, mwavuli mkononi, mkoba mapajani. Dereva, Papa Jano, aliniambia nisiwe na wasiwasi, chupa hazina kitu. Nilimwambia hilo ndilo nililokuwa nalitegemea.

Kabla ya Sange gurudumu likapasuka. Papa Jano alishuka, akalitazama, akakaa chini kando yake. Gurudumu la akiba alikuwa amemwazima rafiki yake wa Luvungi. Tukamtuma mtu wa pikipiki. Wakati tunasubiri, mama mmoja wa pale alituuzia mihogo ya kuchemsha na pilipili, nikala, nikalala, nikaamka, nikala tena. Gurudumu lilipofika lilikuwa limechakaa kuliko lile lililopasuka. Papa Jano alilifunga hivyo hivyo.

Kwenye bariyeri askari aliuliza kila mtu anakwenda kufanya nini. Zamu yangu ilipofika nikasema kweli:

"Naenda kumtafuta baba yangu aniozeshe."

Alinitazama usoni, kisha akatazama nywele zilizochungulia kwenye mtandio, ambazo nyingine ni nyeupe.

"Mama, baba yako iko muzima?"

"Natumaini."

Alishusha kamba mwenyewe. "Muache apite," aliwaambia wenzake. "Huyu amechelewa."

LUBERIZI, MAHALI NILIPOPEWA KITI

Nilishuka Luberizi saa nane mchana. Kando ya barabara wanawake walikuwa wanaanika mpunga kwenye maturubai. Niliwauliza swali moja tu, nalo ndilo lililoniponza:

"Nani anahusika na maji hapa?"

Wakaacha kazi. Wakatazama mwavuli, wakatazama viatu, wakatazama mkoba. Mama mmoja mnene, mwenye jembe begani, akasogea mbele. Huyo ndiye Mama Nabintu, mwenyekiti wa wanawake wa mpunga.

"Mwishowe wametuma mwanamuke," alisema.

Nikapelekwa kwenye baraza ya ghala lao. Nikapewa kiti, kimoja tu kilichokuwapo, wao wakakaa chini. Nikaanza kueleza kwamba mimi ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira. Wakapiga makofi. Mama Nabintu akawaambia wenzake kwamba wakubwa wa projee, yaani wa miradi, hawapendi kujitaja, njo tabia yao.

Walizungumza mmoja mmoja mpaka alasiri ikaisha. Mto wao watu wa pale wanauita Lwiji, neno ambalo kwa Kifuliiru ni "mto". Hawakuona haja ya kuupa jina lingine, maana hawana mwingine. Unatoka milimani, na kule juu vani inaugawa: mchana maji yanaingia mfereji wa mpunga, jioni mpaka alfajiri yanaingia bomba la mashine ya umeme inayowasha kituo cha afya, kinu na nyumba za pale juu. Masika maji yanatosha wote. Sasa ni kiangazi, na mpunga unatoa maua.

"Mpunga ukikosa maji wakati wa maua, unavuna makapi," alisema Mama Nabintu. "Batoto banakula makapi? Na kule juu iko muzee mumoja mwenye roho ngumu. Ukimuletea kuku, anauliza kuku ni ya nini."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba huyo ni baba yangu. Lakini wakati huohuo walikuwa wameleta wali na kuku, na mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nakiri mbele yenu: nilikula mapaja yote mawili.

Nililala kwa Mama Nabintu. Alisema kesho atanipandisha mwenyewe, nikaone kwa macho.

KUFUATA MFEREJI

Waliniambia ni mwendo wa saa tano. Ulikuwa wa saa tisa, kwa sababu Mama Nabintu hawezi kupita penye majani yaliyoziba maji akayaacha. Kila mita mia alishuka mferejini, akachokoa kwa jembe, akapanda, akalaumu watu kwa majina. Mimi nilishika viatu vyake. Tulivuka kundi la ng'ombe waliokuwa wanakunywa humo, akagombana na mchungaji, kisha mchungaji akatupa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha plastiki, tukayanywa, ugomvi ukaendelea.

Mlima ulipoanza kusimama, pumzi yangu ilikwisha. Tukakaa kwenye jiwe, tukala viazi vitamu. Mama Nabintu alinihurumia.

"Usiogope ule muzee," alisema. "Ukimwambia umetoka Uvira atalainika. Iko na binti yake kule, anamusifu kila siku. Eti hakuna mwanamuke mwenye akili kama ule. Eti mume alikufa, lakini hakulia kwa muntu, alifungua kazi. Anauza vi..."

Akautazama mwavuli. Akanitazama mimi.

"Weye ulisema unauza nini?"

"Vitenge," nikasema.

Nikainama kukusanya maganda ya viazi, na si kwa haya ya kuku peke yake. Kwa miaka saba nilidhani baba hanitaji kabisa. Kumbe alikuwa ananisifu kwa watu aliowanyima maji.

Tulitembea mpaka tukavuka daraja la magogo. Ng'ambo yake Mama Nabintu akageuka.

"Ile kuku," alisema, "ilikuwa ya kutaga."

KWENYE VANI

Tulifika jua linaelekea kushuka. Vani yenyewe si kitu cha kutisha: ukuta wa saruji mtoni, mlango wa chuma, na juu yake usukani kama wa lori. Ukizungusha upande mmoja mlango unapanda na maji yanaingia mfereji. Ukizungusha upande mwingine unafungwa, na maji yote yanageukia bomba.

Baba alikuwa ameshika usukani. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote, amevaa koti nililomshonea mwaka aliofariki mama. Alimaliza mizunguko yake, akagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa ili watu wa juu na wa chini wasikie, ndipo akageuka.

"Mama Nabintu, saa za mpunga zimekwisha." Kisha akaniona. "Zaituni. Mtoto anaendeleaje?"

"Mtoto gani, baba?"

"Hawa."

"Baba, sijazaa. Nataka kuolewa."

Akafikiri. "Kwa hiyo mtoto ni wa nani?"

"Hakuna mtoto."

Niliona amehuzunika kweli. "Nilikuwa nimeshamwombea dua," alisema.

Akaniuliza naolewa na nani. Nikasema Shabani.

"Yule wa redio?"

"Yule."

Aliingia kibandani akatutolea chai isiyo na sukari. Waya wa umeme unapita juu kabisa ya paa lake, lakini ndani anawasha kibatari. Nilipomwambia kwamba lazima tushuke kesho alfajiri, alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Nani atashika usukani? Nikimpa mtu wa mpunga, watu wa umeme watakuja na mapanga. Nikimpa mtu wa umeme, Mama Nabintu huyu hapa atakuja na jembe."

"Nitakuja nalo," alisema Mama Nabintu.

"Waliwahi kujaribu kabla yangu. Mtu mmoja alikatwa mkono. Mimi sina shamba, sina ampuli ya taa. Ndiyo maana wananiacha."

"Na mimi sina mume, baba. Wageni wanakula tangu Jumatatu."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akatazama maji. Akasema polepole kwamba hata siku ambazo mtu wa kumshikia angepatikana, hakushuka. Nyumba ya Kilibula hawezi kuiingia. Anafika mawazoni mpaka mlangoni, anaona kiti cha mama, anarudi.

Nilimwoshea vikombe.

Aliyetuokoa ni mfugaji mmoja wa Bijombo aliyepita na chupa zake za maziwa. Alisikiliza shauri letu lote bila kualikwa, akasema kuna jabali juu ya kilima, mwendo wa saa moja, rezo, yaani mtandao wa simu, inashika ukisimama upande wa kulia. Baba akaniuliza kama imamu anaweza kukasimiwa kwa simu. Nikasema walii akimwambia imamu kwa kinywa chake "nakuweka wakili wangu umwozeshe binti yangu", imamu atamaliza mwenyewe kule Uvira, mbele ya mashahidi. Jioni hiyo simu yangu ilichajiwa kituo cha afya, kwa maji yaliyokuwa yamenyimwa mpunga. Mama Nabintu alilitaja jambo hilo mara mbili.

IJUMAA

Baba na mfugaji walipanda baada ya adhuhuri. Kabla ya kuondoka baba aliniweka mbele ya usukani.

"Usiuguse mpaka nirudi. Maji ni ya mpunga mpaka jua lifike kwenye ule mti uliokauka. Ukiniharibia saa moja tu, miaka saba imekwenda."

Mama Nabintu alikuwa amekaa ukutani, jembe mapajani, analinda saa zake. Maji yalikuwa yanaingia mfereji kwa sauti nzuri. Tuliongea habari za wanaume. Alinisamehe kuku, kisha akakumbuka, akabatilisha.

Ghafla Bahati, fundi wa mashine ya umeme, akatokea mbio kutoka chini, shati limemlowa.

"Mzee yuko wapi?"

"Amepanda kuniozesha."

Hakucheka wala hakushangaa. Alisema kituoni mama mmoja amejifungua sasa hivi, mtoto hapumui sawasawa, muuguzi anataka mashine ya oksijeni, na oksijeni inataka umeme. "Fungeni vani! Mimi nakimbilia mashine." Akarudi mbio vilevile.

Nilisimama mbele ya usukani ule, na niwaambie ukweli, sikuwaza mtoto kwanza. Niliwaza baba. Niliwaza yule mtu aliyekatwa mkono. Nikatazama jua: lilikuwa mbali sana na ule mti. Nikamtazama Mama Nabintu.

"Ni maji yako," nikamwambia.

"Huyo mama ni wa nani?" aliuliza.

"Sijui."

"Wa juu?"

"Bila shaka ni wa juu. Wa chini angejifungulia chini."

Akautazama mfereji, akafuata maji kwa macho mpaka yanapopinda kuelekea kwake. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayehesabu safu za mpunga. Nilishika usukani nikauvuta. Haukusogea. Nikauvuta tena, kiganja kikachubuka. Nyuma yangu nikasikia jembe linawekwa chini.

"Sogea," alisema Mama Nabintu. "Weye unavuta kama muntu anapima kitambaa."

Tukazungusha wawili. Mlango ulishuka kidogo kidogo, unalia. Maji yakaanza kurudi nyuma, yakanipanda mpaka magotini, gauni langu likawa zito. Tulikuwa hatujafika nusu tulipoisikia sauti ya mfugaji kutoka jabalini. Watu wa Bijombo huita ng'ombe kutoka mlima hadi mlima, sauti yao haihitaji simu.

"Imefungwaaa!"

Mama Nabintu akainua kichwa kwa hasira. "Anaona nini kutoka kule? Badooo!" alipiga kelele. "Haijafungwa badooo!"

Tukaendelea kuzungusha. Kisha tena:

"Imefungwaaa!"

"Muongo weye! Imebaki mizunguko kumi!"

Mimi ndiye niliyeelewa, nikaachia usukani. Nikakaa palepale kwenye maji.

"Mama Nabintu," nikasema, "nadhani ni ndoa."

Alinitazama, tope mpaka kifuani. "Basi hongera," alisema. "Simama tumalize."

Tukamaliza. Maji yote yakageukia bomba, na baada ya muda kule chini mashine ikaanza kunguruma. Mfereji ukabaki unameta, kisha ukakauka. Mama Nabintu aligeuza uso asiuone.

Baadaye nikajua kilichotokea jabalini. Imamu alimuuliza baba kama binti amekubali. Baba akajibu: "Amepanda mlima siku nzima kwa miguu. Kukubali kupo namna gani nyingine?" Ndoa ikafungwa. Mfugaji akatangaza. Aliposikia kutoka bondeni kwamba haijafungwa bado, akamwambia baba, na baba, ambaye laini yake ilikuwa haijakatika, akamuuliza imamu kama kuna kilichosahaulika. Imamu hakutaka lawama, akairudia yote tangu mwanzo. Kwa hiyo niliolewa mara mbili ndani ya robo saa, kwa mume mmoja, na mara zote mbili sikuwapo.

Baba alirudi na kuona mfereji mkavu na jua bado halijafika kwenye mti. Uso wake ulikufa. Nilifungua mdomo, lakini Mama Nabintu alinitangulia.

"Minye njo nimefunga."

"Wewe? Umewapa umeme maji ya mpunga?"

"Kulikuwa na mutoto. Kesho unarudisha saa zetu mbili, asubuhi, kamili. Nitakuwa hapa."

Baba alishuka mtoni. Akaokota mawe mawili, moja kwa kila saa inayodaiwa, akayapanga juu ya ukuta mahali kila mtu atayaona, akaenda kugonga rimu ili pande zote mbili zijue kwamba saa zimegeuzwa. Watu kadhaa walikuja kuuliza. Walimkuta Mama Nabintu amekaa kando ya mawe yale, wakarudi bila kugombana.

Kabla ya magharibi Bahati alipita tena, safari hii kwa mwendo wa kawaida.

"Analia," alituambia. "Analia mpaka anakera."

Mimi nilikula chakula cha harusi yangu: ugali, maharage na sombe, yaani kisamvu, isiyo na samaki. Baba alinipa kijiko chake, kwa sababu kilikuwa kimoja.

KUSHUKA

Jumamosi asubuhi baba alisimama kwenye usukani kulipa zile saa mbili, Mama Nabintu akiwa pembeni kuhakikisha. Nilikuwa nimefunga mkoba na nimeshamuaga. Nilipiga hatua kama kumi, akaniita.

"Zaituni. Jana sikukuuliza."

"Hukuniuliza nini?"

"Huyu Shabani. Unamtaka kweli?"

Mama Nabintu akajifanya anatafuta kitu kwenye majani.

"Baba, ndoa imeshafungwa. Mara mbili."

"Najua. Nilikuwapo. Sasa nauliza."

Katika shughuli yote ile, posa, wageni, imamu, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kwa neno hilo. Wote waliuliza kama nimekubali. Nikamfikiria Shabani na vidole vyake, na jinsi anavyonyamaza mtu akimlaumu.

"Namtaka," nikasema.

"Basi nenda."

Akaushika usukani, akazungusha. Mlango ukapanda, maji yakaingia mfereji, yakaanza kushuka mbele yangu.